Yatima wa Kwenye Bango

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mwaka wa 2015 hivi, kabla sijaolewa, nilisimama mlangoni mwa kanisa letu hapa Columbus nikitazama bango la filamu yetu. Sura ilikuwa moja tu, ya rafiki yangu Furaha. Mimi niliyeigiza naye mwanzo hadi mwisho sikuwamo.

Ilikuwa filamu bubu, maana wazee wetu, wakimbizi kutoka Kongo, hawakujua Kiingereza na watoto walishaanza kusahau Kiswahili. Aliyetuongoza ni Kamau, Mkenya aliyekuwa akisomea filamu. Alitueleza kwamba enzi za filamu bubu, mwanzoni kampuni zilificha hata majina ya waigizaji. Zilipoona watu wanaulizia sura fulani, zikaitangaza na kuitungia hadithi. Ndivyo nyota walivyopatikana.

"Watu wanataka stori," alisema. "Sura peke yake haitoshi."

Tulipoipeleka filamu Louisville kuionyesha, alitangaza kwamba Furaha ni yatima, mama yake alifia kambi ya wakimbizi. Watu walilia, kisha wakapanga foleni kupiga naye picha. Mimi nikashikishwa mikoba yao.

Mwanangu, yatima nilikuwa mimi; mama yangu ndiye aliyefia kambini. Wamechukua bango, nikawaza, sasa wamechukua na msiba wangu. Nilimwonea Furaha wivu. Furaha naye alikwepa macho yangu.

Tukaenda Buffalo, alikohamia mama yake Furaha. Furaha alidhani mama yuko kazini kiwandani. Kamau, asiyejua kwamba mama huyo yu hai, akarudia maneno yaleyale. Mama mmoja aliyevaa kitenge akainuka nyuma kabisa.

"Bon, haya, nani alinizika?" aliuliza taratibu. "Mama yake ni mimi."

Furaha alimwendea akilia, amenishika mkono. "Mama, yatima ni huyu. Nilimwacha Kamau aseme kwa sababu watu walinipenda."

Mama hakumgombeza. Alimkumbatia, na hapo nikaona wivu mkali kuliko ule wa bango. Nadhani aliusoma usoni pangu, maana alininyooshea mkono wa pili.

"Na wewe, kuya hapa."

Kwa hiyo, mwanangu, ukimwonea mwenzako wivu, uulize moyo wako unalilia nini hasa. Mimi nilidhani nalilia bango. Na siku utakayosifiwa wewe, usikubali hadithi inayomzika aliye hai, wala inayomnyang'anya mwenzako wafu wake. Mungu akujalie jina lililo lako kweli, na watu wa kukuita kwa jina hilo kwa upendo.