Nishani ya Mpagazi

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Temeke, na kilichompa jina ni kushona tepe za nishani. Askari wazee walimletea nishani zao, tepe zimeoza kwa jasho, yeye akawashonea mpya. Hapo ndipo alipopata ugonjwa wake. Akaanza kuzikusanya, lakini si zote: alitaka zile tu ambazo taifa moja limempa mtu wa taifa jingine. "Wa kwenu akikuvisha nishani, amekulipa," alikuwa akisema. "Mgeni akikuvisha, amekuona." Maneno mazuri, ila mimi yaliniudhi, maana sisi wanawe hakuwa akituona.

Zilikaa ndani ya bweta, chini ya kitanda cha mama. Mojawapo ilikuwa msalaba wa fedha wa mfalme wa Wabelgiji. Huo haukuwa wa baba. Ulikuwa amana ya mzee mmoja Mkristo wa bara, mpagazi wa zamani wa vitani, aliyepewa kwa kumvusha mto ofisa wao aliyejeruhiwa. Aliporudi kwao aliogopa kuibiwa njiani, akamwachia baba.

Mama hakuupenda hata kidogo.

"Mie naswalije, na msalaba uko chini ya kitanda?"

Baba alicheka tu. Harusi yangu ikakaribia, bangili sina, na baba yuko na tepe zake. Siku moja mama akanipeleka mjini kwa sonara, naye akanibania mkononi bangili nene ya fedha, isiyovulika. Mama alisema ni fedha ya marehemu bibi, nikaamini, nikafurahi mno.

Nilikuwa nimeshawekwa ndani kama mwali, mzee akarudi. Alikuwa amekonda, anakohoa, anatembelea mkongojo.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia baba. "Fundi, nimekuja kuchukua msalaba wangu. Nataka nizikwe nao."

Baba akavuta bweta, akapekua, mwishowe akamwaga kila kitu mkekani. Mama hakutazama mkekani. Alikuwa akiutazama mkono wangu. Nikaelewa msalaba ulikoyeyushiwa. Nikamnyooshea mzee mkono.

Aliizungusha ile bangili polepole, akitafuta kitu. "Nyuma palikuwa na jina langu," akasema.

Baba akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Akaapa itakatwa leo leo, lakini mama akaruka: "Bangili ya mwali ikikatwa kabla ya harusi, ndoa haikai!"

"Mwacheni," mzee akasema. "Mtoto anaolewa." Akaenda zake Chang'ombe kwa ndugu yake, na kabla wiki haijaisha tukaletewa habari ya msiba.

Niliwakasirikia wote wawili, baba kwa kupenda heshima za watu kuliko nyumba yake, na mama kwa kunivisha amana ya mtu. Nikamwambia baba, "Twende kwa sonara." Mama akasimama mlangoni akasema nikitoka, radhi yake sina. Niliogopa, maana radhi ya mama si mchezo. Lakini jina la mtu lilikuwa mkononi mwangu na mwenyewe yuko jenezani. Mwali wa ndani nikatoka mchana kweupe.

Sonara aliikata, ikanikwaruza kidogo. Chang'ombe, baba akaingia na kanzu yake kati ya wale Wakristo, akamwekea mzee kifuani bangili ya kike iliyokatwa. Katekista akaitazama, akamtazama baba, akaendelea kusoma.

Nikaolewa mkono mtupu. Wanawake wakanong'ona kwamba fundi kashindwa hata kumvisha mwanawe bangili. Mama, ambaye hakuwa amenisemesha tangu siku ile, aliwasikia. Akavua yake ya shaba, akanivisha mbele yao, kisha akarudi jikoni. Amekufa siku nyingi sasa, bangili ninayo, na bado sijui kama alinipa radhi.