Ninja wa Chini ya Majani Chai

Majani chai yaliyokaa kwenye gunia tangu asubuhi hupata joto. Ukiingiza mkono katikati unahisi kama umegusa ubavu wa ng'ombe aliyelala, na harufu inayopanda ni tamu kidogo, chachu kidogo, kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Wengine wakiisikia harufu hiyo hufikiria kazi. Mimi hufikiria ninja, na humfikiria mtu mmoja ambaye nilitaka kumwangamiza nikiwa darasa la tano.

Nianze na ninja wenyewe, kwa sababu bila wao hamtanielewa.

Pale Merigi, karibu na kwetu, kulikuwa na mzee mwenye mashine ya kusaga mahindi. Nyuma ya mashine alikuwa na chumba cha mabati, ndani yake televisheni moja na mabenchi manne, na Jumamosi mchana alituonyesha filamu. Unga ulikuwa ukipenya kwenye nyufa za mbao, kwa hiyo ninja wetu walipigana daima ndani ya ukungu, hata pale filamu ilipokuwa na jua kali. Kaka yangu Kipngetich alikatazwa kuniacha nyumbani peke yangu, basi alinikokota huko kama mtu anayekokota mbuzi. Msichana nilikuwa mimi tu. Nilikaa kwenye gunia la pumba, mgongo ukutani.

Lugha ya filamu zile hakuna aliyeijua. Lakini juu yake kulikuwa na sauti ya DJ aliyetutafsiria kwa Kiswahili, na naamini nusu ya maneno aliyatunga mwenyewe. Mtu mbaya akiingia, alisema, "Huyu amezoea kula ugali ya wenyewe. Leo atakula chuma." Upanga ukipita hewani, alinyamaza ili tuusikie.

Nilizipenda filamu zile kuliko wavulana wote, ila hawakujua, kwa sababu sikupiga kelele. Mimi nilikuwa mtoto ambaye mwalimu akitaja jina langu, nilitazama dawati mpaka ataje la mwingine. Sasa hapa kulikuwa na mtu aliyefunika uso mzima akabakiza macho. Ninja hasalimii wageni. Haitwi mbele ya darasa, wala hakuna anayemwambia aongeze sauti. Na bado wanaume wenye ndevu wanamwogopa!

Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwenye kungoja. Karibu kila filamu ilianza hivi: mtu mbaya anafika kijijini, anachoma nyumba, anamuua mzee aliyemlea shujaa wetu, halafu anacheka. Lazima acheke. Asipocheka filamu inapoa. Kisha kijana anakwenda mlimani, anabeba maji, anapiga mti kwa ngumi, mvua inamnyeshea, miaka inapita. Huku chini adui anakula na kunenepa. Hajui. Sisi tunajua. Kujua jambo ambalo adui yako hajui, huku yeye akiomba aongezewe mchuzi, sijapata kitu kitamu kama hicho. Tumbo langu lilikuwa linapata joto. Mwishoni kabisa ninja anavua kitambaa ili aonekane ni nani, na DJ anauliza, "Unanikumbuka, boss?" Chumba kizima kilimjibia boss, "Pole, nimesahau."

Shuleni mwalimu aliandika ubaoni kwamba subira huvuta heri. Mimi nilijua anazungumzia nini.

Nyumbani nilifanya mazoezi. Nilijaribu kupumua chini ya maji kwa bua la jani la malenge, kichwa kikiwa ndani ya hori ya ng'ombe, mpaka ng'ombe akaja kunywa tukaogopana. Lakini mlima wangu wa kweli ulikuwa shamba la chai. Mtu akitazama chai kwa juu huona kitu kama meza, imekatwa sawasawa, hata paka hana pa kujificha. Chini yake ni nchi nyingine. Mashina yamesimama wazi, majani yamefunga juu kama dari, na mtoto mwembamba anaweza kutambaa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine bila kichwa chake kuonekana. Kuna giza, kuna ubaridi, na udongo unanuka uyoga. Nilizijua njia zote za huko.

Nilichokosa kilikuwa adui, na akapatikana.

Kituo chetu cha kuuzia chai kilikuwa na karani aliyekagua majani kabla ya kuyapima. Kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi, basi. Mkulima anamwaga chai yake mezani, karani anapekua, akiona majani magumu anakuambia uyatoe. Ndiyo kazi yake, hakuna ubaya. Siku moja ya mvua mama alichelewa, na kwa haraka alikuwa amechuma majani kadhaa yaliyopita kiasi. Karani alitia mkono kikapuni, akainua majani mawili, akawaonyesha watu waliopanga foleni.

"Mama Ngetich," alisema, akimwita kwa jina la kaka yangu, "hii ni ya kiwanda ama ni ya ng'ombe?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. Kisha akakipindua kikapu, si mezani bali chini, kwenye udongo mwekundu wa murram uliolowa, akaita anayefuata. Mama alipiga magoti akaanza kuokota jani moja moja kutoka kwenye matope. Mimi nilisimama kando nikiwa nimeshika kanga yake. Tangu siku hiyo mama alipofika kituoni kulikuwa na mtu wa kulia kama ng'ombe, mmm, na mama, ambaye kanisani alikuwa akiombwa kuongoza nyimbo, akaacha kuimba hata shambani. Jina lake ndilo lililokuwa limemwagwa pale. Niliapa nitalirudisha.

Shamba la karani lilipakana na letu. Mke wake alichuma mwenyewe, na alikuwa akiacha gunia mwisho wa mstari, chini ya mti, kisha anarudi na kikapu. Nilingoja wiki mbili, kama ninja. Siku ya kuchuma ilipofika nilivaa sweta nyeusi ya Kipngetich, nikajifunga kitambaa cheusi cha mama usoni, nikaingia chini ya chai. Nilikuwa na mfuko wa silaha zangu: majani ya chai magumu ya chini kabisa, majani ya mukima, ule mti wa kivuli unaopandwa mpakani, na nyasi. Nilitambaa, nikafika kwenye gunia, nikasukuma mkono mpaka katikati, mpaka kwenye lile joto, nikaacha kila kitu humo. Vijiti vya chai vilichana kitambaa na magoti yakatoka damu. Nilirudi nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena, hata siku ya ubatizo.

Kichwani nilikuwa nimeshaiona filamu yote: mke wa karani anamwaga chai mezani, mukima zinatoka mbele ya watu, karani anakosa pa kuweka uso.

Sikuwaza jambo moja ambalo kila mtu pale kituoni alilijua. Siku hiyo karani alipoanza na mama, alimwaga gunia lake lote mezani, akalipekua kama mtu anayetafuta sindano, watu wakisubiri. Hakupata kitu. Akasema kwa sauti, "Leo ni safi, Mama Ngetich. Ng'ombe atalala njaa," wakacheka tena. Kisha likaja gunia la mke wake. Hakulimwaga. Hakulifungua hata. Alilitundika kwenye mizani, akaandika, likapandishwa kwenye lori pamoja na mengine. Nani atamkagua mke wake mwenyewe?

Jioni mama aliona kitambaa chake kimechanika na kina vijiti vya chai. Alitazama magoti yangu.

Kesho yake asubuhi lori lilirudi likiwa limejaa. Kiwanda kilikuta uchafu kikakataa mzigo mzima wa kituo, chai ya kila mtu, sasa nyekundu kwa joto. Msimamizi kutoka kiwandani alimwaga mukima zangu mezani. Hakuna aliyeweza kujua zimetoka gunia lipi, kwa maana yakishapanda lori magunia hayana mwenyewe. Watu walikuwa wamekasirika. Msimamizi alimwuliza karani kama alikagua magunia yote.

"Yote, mkubwa. Moja moja," karani alijibu. Kisha akageuza macho taratibu mpaka yakamfikia mama. Akasema kuna watu hapo wanajulikana tabia yao.

Foleni nzima ikamtazama mama. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Ulimi ulilala mdomoni kama jiwe, na hapakuwa na kitambaa cha kujificha.

Mama alisogea mbele, akiwa na kikapu mgongoni. Alisema polepole, kama anayeagiza chumvi dukani.

"Inawezekana ni yangu, mkubwa. Lakini huyu alimwaga yangu yote hapa mezani, watu hawa wakiona. Akasema ni safi. Kama ni yangu, basi yeye ndiye aliipitisha." Akakishusha kikapu mezani. "Kama si yangu, mwulize ni gunia gani hakutia mkono."

Hakuna aliyelia kama ng'ombe. Watu walitazama viatu, wakatazama lori. Hakuna aliyemtazama mke wa karani, na kwa kutomtazama walimwonyesha. Mzee mmoja wa nyuma akasema, bila kupandisha sauti, kwamba yeye alimwona karani akilitundika la mkewe likiwa limefungwa. Msimamizi akaandika. Kabla ya wiki kuisha tulikuwa na karani mwingine, na yule wa kwanza hata dukani alipita njia ya nyuma.

Tulipofika nyumbani mama alikata kijiti cha chai akanichapa viboko vinne miguuni. Sikulia, kwa kuwa niliona ni bei ndogo. Miaka yote baadaye niliamini kwamba mama alijitoa mbele za watu ili kunificha mimi, na nililibeba deni hilo moyoni.

Mwaka jana tulikuwa tunachuma pamoja, mstari kwa mstari, nikapata ujasiri wa kumshukuru. Nilimwambia najua alisimama siku ile kwa ajili yangu. Mikono yake haikusimama kuchuma.

"Kwa ajili yako?" alisema. "Kwa ajili yako nilikuchapa. Ile ya kituoni ilikuwa yangu."

Akatupa majani kikapuni, akaendelea na mstari, akianza kuimba chini kwa chini.

Nilikuwa nimedhani kwamba siku ile ya matope mimi peke yangu ndiye niliyekula kiapo. Kumbe tulikuwa wawili. Tofauti ni kwamba mwenzangu hakuhitaji giza wala sweta nyeusi: kila siku ya kuchuma alisimama mbele ya adui yake uso wazi, akampa mkono, akamwuliza habari ya watoto.