Nambari ya Kaburi la Mke Wangu

Waliohusika na kupotea kwa kaburi hili ni wawili: mkuu wa idara yetu ya rejista za maziko, aliyenunua kompyuta zenye memori duni ilhali fundi alimwonya kwa maandishi, na mimi, niliyetia saini madaftari ya zamani ya karatasi yateketezwe kompyuta zilipokuja.

Ukoo wetu wa Old Kampala hauandiki majina makaburini. Mke wangu alizikwa chini ya kigingi chenye nambari tu, nayo ikaingizwa rejistani. Kila Ijumaa niliitazama nambari rejistani, nikaenda kumsomea Fatiha. Sikuikariri nambari ile, wala sikuhesabu hatua kutoka langoni. Miaka yote niliwafunza makarani kwamba kichwa husahau, rejista haisahau. Yeye alikuwa akinitania: "Bwana Karani, hata mimi umenifungulia faili?" Nikimjibu kwamba ipo, na imejaa, alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Kisha makaburi yakafyekwa na vigingi vikang'olewa, vipya vipigwe kwa kufuata kompyuta. Nilichapisha nambari yake, nikaenda. Penye nambari ile palikuwa na tuta fupi la mtoto mchanga.

Fundi wetu, Mkenya wa Bugolobi, hakunificha.

"Mzee wangu, chembe za memori hizi zimebanana kama vyumba vya Bwaise. Ukigonga ukuta wako bila kupumzika, kikombe cha jirani kinaanguka. Mstari mmoja ukisomwa mfululizo, tarakimu ya mstari wa pembeni inageuka. Kosa likihifadhiwa, basi, limekuwa kweli."

"Nani aligonga?"

"Labda mashine yenyewe, labda mtu kwa makusudi. Hata nywila yenu hahitaji kuijua. Memori zinazojisahihisha zipo. Bosi akasema za nini, wafu hawalalamiki."

Shemeji yangu anasema tulimzika karibu na ukuta. Mimi nakumbuka mteremkoni. Siku hizi husimama katikati ya matuta nikisoma kwa sauti ya chini, nisijue nimgeukie upande gani.

Kwa hiyo nadai rasmi: mkuu wa idara aeleze, mbele ya familia zote zilizozika pale, kwa nini alilipuuza onyo, kila nambari ihakikiwe kwa ushahidi wa waliozika, nami niitwe nihojiwe juu ya saini yangu. Hayo yafanyike kabla sisi tuliomzika hatujaisha.