Maji Yamekubali

Kwa miaka ishirini na sita, hakuna mwanamke aliyeingia bwawani pale kwenye chemchemi ya moto kabla yule mama hajatia mkono majini. Watu walimwita Mpimaji, hata wifi yake, hata watoto wa mtaani ambao hawakujua kwamba ana jina lingine.

Maji yalitoka chini ya mwamba yakiwa na moto wa kuivisha yai. Yalishuka kwa mfereji wa mawe hadi bwawani, na mfereji wa pili ulileta maji baridi ya kijito. Mfereji huo wa pili ulikuwa na ubao. Ukipandishwa, bwawa linapoa. Kila asubuhi Mpimaji alichutama, akazamisha mkono wa kulia hadi kifundo, akavuta pumzi saba. Pumzi zikiisha na mkono haujataka kutoka, alisema, "Maji yamekubali." Ndipo wenye baridi yabisi, wenye watoto wa upele, na wale waliokuja na huzuni zao tu, wakavua viatu na kuteremka ngazi.

Kipimajoto hakikutumika. Wenyeji waliamini kwamba chemchemi ile ina mwenyewe, na mwenye nyumba huamkiwa kwa mkono, hapimwi kwa chombo. Waliamini na jambo la pili: mtu akiunguzwa na maji yaliyokwisha kukubali, basi ana neno alilolificha.

Kazi hiyo alirithishwa na mama mkwe wake, aliyeifanya miaka arobaini. Bibi huyo alikuwa na binti wa kumzaa, lakini binti alikuwa na haraka. "Huyu wa kuja ndiye mwenye subira," bibi alisema mbele ya watu, na wifi hakulisahau. Mume wa Mpimaji, dereva wa lori, alifia barabarani mwaka wa kumi wa ndoa yao. Mjane hakurudi kwao. Alibaki katika nyumba ile ile ya vyumba vitatu na mkwe na wifi, na asubuhi ya siku ya nane baada ya maziko alikuwa amechutama kando ya bwawa.

Ganzi ilianzia miguuni. Zahanati walimwambia ni sukari. Nesi alimwambia afumbe macho, akamgusa nyayo kwa ncha ya pini.

"Nimegusa?"

"Bado."

Nesi akaandika. Alikuwa amegusa mara tatu.

Mwaka uliofuata ganzi ikaingia vidoleni. Asubuhi moja alizamisha mkono, akahesabu hadi saba, na ilikuwa kama ametia mkono ndani ya sanduku tupu. Alirudia. Kisha akageuka akawatazama wanawake waliokuwa wakimsubiri, na midomo ikasema yenyewe maneno iliyoyazoea.

Hakumwambia mtu. Angekula nini, na katika nyumba ile angekuwa nani? Akatafuta ujanja. Alifunga kipande cha mshumaa kwenye pindo la nguo, na mkono wa kulia ulipokuwa ukiamkia maji, wa kushoto ulichovya pindo. Akiona nta imelainika upesi na kujipinda, alipandisha ubao. Mwaka mmoja na miezi miwili alifanya hivyo, wala hakuunguza mtu.

Kisha bibi akapatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukafa, mdomo ukaenda kombo, ila akili ilibaki mahali pake. Akataka kupelekwa bwawani. Walimpeleka Jumanne, mapema, kabla ya watu. Wifi alibaki chumba cha nje akikunja nguo, na bibi akaketishwa kwenye ngazi ya juu, akaitazama mikono ya Mpimaji kama mwalimu anavyotazama daftari.

Mbele ya macho yale mshumaa ungeonekana. Ilikuwa kiangazi, kijito kimepungua, na Mpimaji aliupandisha ubao kwa kukisia. Akatia mkono.

"Mbona unachelewa?" bibi akauliza, maneno yakimtoka upande mmoja. "Pumzi saba, mwanangu, si sabini."

"Umri, mama. Siku hizi hata pumzi zangu zinatembea na mkongojo."

Bibi akacheka mpaka mate yakamtoka. Mpimaji akamfuta, akasema, "Maji yamekubali."

Mguu mgonjwa ndio hutangulia. Alimshika goti, akaushusha, wakakaa wakizungumza habari za paa linalovuja. Mmoja hana hisia mguuni, mwingine hana mkononi. Hapakuwa na wa kupiga kelele. Alipouinua mguu, ngozi ya muundi iliteleza kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Bibi alimwona uso wake kwanza, ndipo akatazama chini.

"Maji yalikubali?" akauliza.

Mpimaji alimwita wifi kwa sauti.

Kufikia Alhamisi habari ilikuwa getini, kwa muuza sabuni.

"Chemchemi haimchomi mtu bure," alisema, akipanga vipande vyake. "Miaka arobaini alituamkia maji, kumbe yeye mwenyewe ana lake."

"Labda ni mume wa mtu," mwingine akadakia.

"Mguu, shoga? Angeungua mahali pengine!"

Wakacheka. Mpimaji aliyekuwa akifagia ngazi alisema, "Acheni maneno, yule ni mgonjwa," na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake yote. Alijua kwamba neno moja lingewanyamazisha, na neno hilo hilo lingemtoa bwawani siku hiyo hiyo. Akaendelea kufagia. Mshumaa ulikuwa pindoni.

Nyumbani bibi alikuwa ameanza kutafuta. Alilala chali chini ya dirisha, mguu juu ya mto, akipekua maisha yake kama mtu anayetafuta sindano godoroni. Alikumbuka dada aliyemsengenya, akalikataa hilo kuwa dogo. Alikumbuka kuku wa jirani aliyemla, akamtaja kwa sauti. Usiku wa nne akamshika Mpimaji mkono, ule ule wa kulia.

"Nimelipata. Alikuja mama mmoja ana vidonda shingoni. Nilimwambia bwawa limejaa. Halikujaa, mwanangu. Nilimwonea kinyaa. Mwanawe ni yule fundi cherehani nyuma ya soko. Nenda ukaniombee radhi."

"Mama, pengine si hilo."

"Basi ni lipi? Unalijua wewe?"

Asubuhi alikwenda. Kibanda cha fundi kilikuwa na vipande vya kitambaa hadi kwenye vifundo vya miguu, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Fundi alisikiliza huku akishona, kisha akauondoa mguu kwenye kanyagio.

"Mama yangu alirudi siku ile analia," alisema. "Hakwenda tena mahali penye watu. Alikufa anajifunika shingo." Uso ukamlegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Mwambie bibi nimesamehe. Na mwambie chemchemi imeona. Miaka thelathini na mitatu yote hiyo, nikidhani hakuna anayeona."

Akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Alikuwa akitabasamu.

Mpimaji alirudi kwa njia ndefu. Wifi alikuwa ameenda kununua bandeji. Akafunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, si la yule mwanamke, wala si kuku. Maji hayakukubali. Mkono wangu hauna habari. Mwaka na zaidi sasa hausikii moto."

Bibi alimkazia macho. Kisha akauvuta ule mkono kwa mkono wake mzima, akatia kidole cha shahada mdomoni, upande uliokuwa na nguvu, akauma. Aliuma akimtazama usoni. Alama ya meno ilibaki, na uso wa Mpimaji haukubadilika.

"Siku ngapi hizi nimelala hapa?" bibi akauliza.

"Tano."

"Mbona uliniacha nitafute?"

Bibi akageuza kichwa ukutani.

Kesho yake wanawake kumi na mmoja walikuwa wamepanga foleni. Mpimaji hakuchutama. Alisimama kwenye ngazi ya juu, mikono ikining'inia.

"Bibi hana neno alilolificha," alisema. "Mimi ndiye ninalo. Mkono wangu umekufa ganzi. Mimi ndiye niliyemuunguza."

"Unasema nini wewe?" Muuza sabuni alikuwa ametoka getini. "Ijumaa si ulimtia mjukuu wangu humu?"

"Nilimtia."

Hakuna aliyemtukana. Mama mmoja aliketi sakafuni, akamvua mtoto wake soksi, akaanza kumchunguza nyayo, kidole kwa kidole. Wengine waliokota viatu vyao. Foleni iliyeyuka bila mtu kuiambia, na aliyekuwa wa mwisho aligeuka nyuma mara moja, akaenda zake.

Aliushusha ubao, akafunga geti, akampelekea ufunguo karani wa ofisi ya kata, ambaye aliuandika katika kitabu bila kuuliza.

Nyumbani harufu ya kidonda ilimpokea mlangoni. Wifi alikuwa ameshasikia. Maneno yana miguu kuliko watu. Bibi alikuwa macho.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wameondoka, mama."

Bibi akafumba macho. Bandeji ilikuwa imelowa. Mpimaji alichukua sufuria ndogo, akatia maji, akainama kuwasha jiko, kama alivyofanya kila siku tangu Jumanne ile.

Wifi alimwondolea sufuria mikononi. Hakuinyakua, aliichukua taratibu, kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu.

"Maji ya kidonda nitayapasha mimi," alisema. "Wewe kaa pale."

Mpimaji akaenda kukaa pale.