Sauti Isiyovuka Bonde

Harufu ya shaba haitoki mikononi kwa sabuni. Naijua vizuri kwa sababu Jumamosi zote za utoto wangu zilipita uani kwetu, kwenye mteremko mmoja juu ya Lushoto, nikisugua matarumbeta ya usharika kwa majivu na limau. Kazi hiyo tulipewa mimi na dada yangu kwa kuwa baba yetu ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi. Limau lilituchoma kwenye mikwaruzo ya vidole, majivu yalituingia puani, na kabla ya kusugua ilibidi kwanza tumwage mate ya watu wazima yaliyolala mle ndani wiki nzima. Sikuyapenda matarumbeta yale. Watu wakisema debe tupu haliachi kuvuma, mimi nilikuwa nawafikiria wapigaji wa baba, waliopuliza mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, kisha wakaja kula magimbi yetu yote.

Lakini kule milimani sauti ilikuwa na kazi yake. Kutoka uani kwetu uliweza kuona moshi wa jiko la Bibi Mdogo, mdogo wake bibi yetu, ng'ambo ya bonde. Moshi uliuona, ila kumfikia ilikubidi uteremke mpaka mtoni na kupanda tena, na nusu ya siku ingekuwa imekwisha. Bibi Mdogo aliolewa kule na Mwislamu, akasilimu, kwa hiyo matangazo ya kanisani hayakumfikia. Habari zetu alizipata kwa masikio. Akifa mtu upande wetu, bendi ilisimama ukingoni mwa uwanja wa kanisa, ikageukia bonde na kupiga wimbo wa maziko. Ng'ambo watu wakaweka majembe chini. Kabla jua halijainama, Bibi Mdogo alikuwa ameshafika, kanga kiunoni, akiuliza ni nani. Hakuna aliyetumwa kumwita, wala hakuna aliyefikiri kwamba anahitaji kuitwa. Bibi, aliyekuwa akiishi nasi, alimwambia baba mara nyingi, kwa Kishambaa chake kisicho na haraka, kwamba siku yake ikifika wampigie mpaka mdogo wake asikie. Hakutaka mdogo wake amkute ameshafukiwa.

Kisha likaja soko huria. Malori yakaanza kupanda kutoka Dar kufuata kabichi na karoti, na vijana waliopuliza matarumbeta wakaenda sokoni Lukozi kupakia matenga ya mboga. Jioni ya mazoezi walirudi vifua vimekwisha. Mmoja akaacha, akafuatia mwingine. Tarumbeta likitoboka lilipelekwa kwa fundi wa rejeta, likarudi na kiraka na sauti ya mtu mwenye mafua. Baba mwenyewe meno ya mbele yalimlegea, akayang'oa, na mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele ni sawa na jembe lisilo na mpini. Wakati huohuo maduka yalijaa vitu ambavyo tulikuwa hatujawahi kuvishika: redio za kaseti, sabuni za rangi, viatu vya mtumba. Msimu mmoja baba alirudi kutoka kwa mfanyabiashara wa mboga akiwa amebeba kinanda cha umeme kilichokwishatumika, pamoja na betri ya gari ya kukiendesha. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mwanzoni alikitumia kuziba nafasi za walioondoka. Palipokosekana tarumbeta la pili, alibonyeza yeye. Lakini kinanda kile kilikuwa na kitufe kimoja kilichotoa sauti ndefu, nyororo, inayoanza bila kujulikana imeanza lini na kuisha vivyo hivyo. Baba akanasa hapo. Alikaa barazani na kuachia sauti mbili tatu zielee pamoja, akaziacha zikae, akabadilisha moja tu, akasubiri tena. Wimbo ukapotea humo, mapigo yakapotea. Mzee Kaniki, mpiga besi, alikuja kusikiliza siku moja, tarumbeta lake mapajani, mdomo wazi.

"Sasa mwenzangu," akasema, "huu ni wimbo au ni ukungu?"

"Ni ukungu," baba akamjibu. "Kwani wewe unaishi wapi?"

Mimi nilikipenda kile kinanda. Hakikuwa na mate wala hakikuhitaji majivu, na kiliponguruma taratibu nilihisi usingizi mzuri, ule wa mchana wa mvua. Ni Bibi tu ambaye hakukisifu, na baba alipomuuliza kama kinamfurahisha, alimwambia usiache mbachao kwa msala upitao, akaendelea kuchambua maharage yake.

Bibi alifariki wakati wa masika, asubuhi, bila kuugua sana. Mzee Kaniki na wapigaji wawili waliobaki walifika na matarumbeta yao wakiwa wamelowa. Baba aliyatazama yale mabomba yenye viraka, akasema mama yake hawezi kuzikwa kwa vitu vinavyopiga chafya. Atampigia yeye mwenyewe. Walikuwa na uwezo wa kumbishia, lakini nani anabishana na mfiwa? Akakiweka kinanda uani, akapiga. Mpaka leo sijasikia kitu kizuri kama kile. Watu wazima waliokuja na sura kavu walilia, na mimi nililia pamoja nao nikidhani kwamba tunamtendea Bibi haki. Sauti ile ilifika kwenye migomba ikaishia hapo. Tulimsubiri Bibi Mdogo. Mchana ukapita, mawingu yakazidi kushuka, na baba akaanza kukasirika, akasema huenda shangazi zetu wana haki wanaposema mtu akishaolewa ng'ambo ni wa ng'ambo. Tukamzika Bibi kabla ya mvua.

Bibi Mdogo alikuja siku ya soko iliyofuata, kama desturi yake, na mkungu wa ndizi kichwani na kifurushi cha ugoro wa dada yake. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia, akauliza dada yuko wapi. Mama akaanza kulia, akamwambia siku tuliyomzika. Bibi Mdogo aliutua mkungu polepole, akamgeukia baba.

"Mwanangu, siku ile nilikuwa shambani kutwa," alisema. "Nilipalilia nikitazama huku. Mbona hamkupiga?"

Baba aliinuka. Aliingia ndani, akashusha ukutani tarumbeta lake la zamani, akaenda kusimama ukingoni mwa shamba na kupuliza. Ulitoka upepo mtupu. Akapuliza tena, mashavu yamemvimba, ufizi unamtoka damu, na bado ukatoka upepo. Ndipo Mzee Kaniki alipoitwa. Alisimama peke yake akilielekea bonde, akapiga besi ya wimbo wa maziko isiyo na wenzake, sauti nene inayotembea chini ikisubiri wimbo ambao haukuja. Bibi Mdogo aliisikiliza yote amesimama, kisha akaketi chini udongoni, akalia.

Siku hizi naishi Tanga, na habari za misiba ya kwetu hunifikia kwa simu kabla sijanywa chai. Picha ya marehemu, vijipicha vya mishumaa na mikono iliyofumbatwa, yote kwa mkupuo, na mara nyingine nasoma, naweka simu chini na kuendelea kukaanga vitunguu. Makanisa yote yana vinanda, vikubwa kuliko cha baba, na sauti ile ndefu iko kila mahali mpaka nimechoka nayo. Nilipokwenda kumtazama baba mwaka huu aliniambia, bila kuulizwa, kwamba akifa tupige simu kwa watu wote, halafu tumtume mtu kwa miguu, ateremke mpaka mtoni na kupanda ng'ambo. Nikamkumbusha kwamba Bibi Mdogo alishafariki miaka mingi iliyopita, na yeye mwenyewe alikwenda kumzika.

"Najua," akasema. "Mtumeni mtu tu."

Nimemwahidi. Sijui tu ni nani siku hizi atakayekubali kutembea.