Jioni Nilipoielekeza Darubini Mnarani

Darubini yangu ya kwanza ilifika Kasulu kwa basi, nikaipakia kwenye bodaboda hadi nyumba za walimu. Nilihamishiwa huku kutoka Tanga kufundisha fizikia, na anga la huku, jeusi lisilo na taa za mji, ndilo lililonitia tamaa ya kuinunua.

Maelekezo yalinitaka nianze kabla giza halijaingia: nilenge kitu cha mbali, mpaka kibomba kidogo cha kulengea kikubaliane na bomba kubwa. Nikaisimamisha uani, nikaielekeza kwenye mnara wa simu mlimani. Niliona ukungu mtupu. Nikazungusha taratibu kigurudumu cha kung'arishia picha, mnara ukaja, miguu juu kichwa chini, kama darubini za nyota zinavyogeuza. Nikacheka peke yangu.

Wiki ile majambazi walikuwa wamempiga risasi dereva wa bodaboda kwenye barabara ya Kibondo. Mimi nilikuwa nimeshasahau. Mtaa haukusahau.

Sungusungu, walinzi wetu wa mtaa, waliuvunja ua wa mabua wakaingia.

"Bomba la nini hilo? Unamlenga nani?"

"Ni darubini. Ya kuangalia nyota."

"Nyota, na jua hili?"

Kabla sijajibu, rungu lilinipata mkononi, nikausikia mfupa ukivunjika. Nikaanguka. Mateke yakaniingia mbavuni, damu ikajaa mdomoni. Mtu akaita liletwe tairi na petroli.

Jirani yangu, mwenye duka, mzaliwa wa Ujiji, akaja mbio akanilalia juu.

"Mnamuua mwalimu wa watoto wenu!"

Wakampiga na yeye, jino likamtoka. Hakunyanyuka. Hatimaye mmoja wao akainama, akachungulia kwenye darubini.

"Jamani, ni mnara tu."

Wakaacha.

Hospitalini mkono wangu ukafungwa hogo, lile gamba gumu la plasta. Aliyenivunja mkono, fundi baiskeli wa pale njia panda, alikuja na jogoo.

"Nisamehe, Mwalimu. Tulidhani ni mzinga."

"Ungeningoja nijibu," nikamwambia. Jogoo nikamrudishia.

Siku kadhaa baadaye, jirani aliporudi kutoka kuswali magharibi, alinishikia darubini, nami nikazungusha kigurudumu kwa mkono mzima. Mwezi ukajaa kwenye lenzi, mashimo yake yakiwa na vivuli vikali. Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

Fundi baiskeli alikuwa amesimama nje ya ua.

"Na mimi naweza kuona?"

"Hapana," nikasema.

Hakuondoka, nami sikumfukuza.