Mtoto wa Sita wa Mzee Masanja

Nianze kwa kukiri kwamba siku ya kumzika mwenye nyumba wangu nilisimama mbele ya waombolezaji wa Buswelu kama mtoto wake wa nje, na kosa lilikuwa langu peke yangu, kwa sababu niliona aibu kuuliza swali moja dogo: msibani mtu anafanya nini?

Mtacheka, lakini mimi nilikulia kambini, ng'ambo ya ziwa huko upande wa Sengerema, kwenye kikundi cha dini ambacho kiongozi wake alitufundisha kwamba anayekufa amekufa kwa imani haba, kwa hiyo hakuna kulia, hakuna turubai, mtu anafukiwa na jina lake halitajwi tena (mama yangu alizikwa hivyo nikiwa mdogo, na jioni yake tukaenda kupalilia mihogo kama kawaida). Ukiuliza kwa nini, viboko. Nilipotoroka, dume zima nisiyejua hata bei ya soda, Mzee Masanja alinipa chumba cha uani bila kunihoji nimetoka wapi, akanifundisha kushona sare za shule kwenye cherehani yake, akanisukuma mpaka nikamaliza kidato cha nne pamoja na watoto ambao ningeweza kuwazaa. Alipofariki nilitaka kitu kimoja tu, kumzika vizuri, kama watu wanavyozika watu.

Sasa, vizuri ndiyo vipi? Mimi ni mtu wa ndani, nikitoka sana nimefika dukani. Wenzangu walijua kila kitu bila kuambiwa, wanawake wakaja na sufuria zao, vijana wakapasua kuni, mzee mmoja akakaa tu kando ya wafiwa bila neno na hata huko kukaa kwake kukawa msaada (sijui nani huwafundisha hawa watu, nawapa heshima zao mpaka leo). Nikaamua kwamba badala ya kuuliza nitamfuata aliye mbele yangu, akisimama nasimama, akiketi naketi, maana kufuata mtu ndilo somo pekee nililofaulu kambini.

Aliye mbele yangu alikuwa jamaa mnene wa shati jeusi. Akaaga mwili, nikaaga. Wengine wakarudi kwenye viti vya nyuma, yeye akaenda benchi la mbele, na mimi huyo. Akapita mama mmoja anawafunga watu vitambaa vya zambarau mkononi, nikanyoosha mkono (nilidhani kila mtu anapewa). Makaburini yule jamaa akasogea ukingoni mwa kaburi, nikasogea, na hapo mwongoza ratiba, aliyekuwa ametoka kusoma kwamba marehemu ameacha mjane na watoto watano, akatutazama, akatuhesabu kwa kidole, akarudia, kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Samahani wafiwa, hapa mbele naona watoto sita."

Kumbe jamaa ni Deo, mtoto wa kwanza wa marehemu, anaishi Shinyanga.

Minong'ono ikaanza. Mmoja nyuma yangu akasema mzee alikuwa mtulivu mno, na watulivu ndio hao hao, mwingine akaona hadi pua tumefanana. Nikamtazama Mama Deo, mjane, amesimama na khanga yake, jina la mumewe linachafuliwa hata hajafunikwa udongo, na mchafuzi ni mimi. Nilitakiwa kusema neno. Badala yake nikaliangalia lile sanduku na machozi yakanitoka, ya mzee na ya mama yangu kwa mkupuo mmoja, nikalia kama ndama, na kadiri nilivyolia ndivyo watu walivyozidi kusadiki.

Mama Deo akaja akanishika kiwiko, akaniuliza kwa sauti ya chini nimefikaje pale. Nikamwambia ukweli, sijui taratibu za kuzika, nilimfuata wa mbele yangu. Akanitazama, midomo ikamcheza (naapa alikaribia kucheka, kando ya kaburi la mumewe), akaomba kipaza sauti.

"Huyu ni mpangaji wetu, mshona sare. Hajawahi kuzika mtu. Mwacheni alie, na udongo atatia pamoja na wanangu."

Akanipanga mwisho, baada ya binti yake mdogo. Nimeishi na watu wengi waliojiita watakatifu, sijaona wa kumfikia yule mama.

Jioni nikajifungia ndani, nikaapa sitafuata tena mgongo wa mtu nisiyemjua, hata kama ni kwenye foleni ya maji. Sijamaliza kuapa, jirani yangu Mama Kulwa akaingia bila hodi na ugali na dagaa, akaweka sahani juu ya cherehani, akasema:

"Wewe kijana, tunaishi ukuta mmoja, ulishindwa nini kuniuliza? Huku ukiuliza hupigwi, unachekwa tu, tena siku moja. Sasa wewe tutakucheka mpaka siku tutakayokuzika."